Karani wa Mvua na Ubao wa Nauli

Alikozaliwa siwezi kukuambia, na ukoo wake sikuwahi kuuliza. Kwenye shamba lile la ngano la serikali, chini ya mlima Hanang, watu walikuwa wametoka kila pembe ya nchi, na kumwuliza mtu kwao ni wapi ilikuwa kama kumwuliza anaondoka lini. Sisi tulimwita Karani wa Mvua, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kila siku saa tatu asubuhi alitembea mpaka kwenye kipimamvua nyuma ya karakana, akainama, akasoma, akaandika. Hata kiangazi, vumbi limetanda mpaka kwenye kope, alikwenda, akainama, akaandika sifuri. Madereva wa kombaini walimtania.

"Karani, leo imenyesha ngapi?"

"Sifuri," alijibu bila kucheka. "Lakini nimekwenda kuiona."

Alikuwa mrefu na mwembamba, suruali ya kaki imekunjwa juu ya vifundo kana kwamba yuko tayari kuvuka mto. Penseli nyeusi aliiweka sikio la kulia, nyekundu sikio la kushoto, na ole wako uzibadilishe. Mwavuli hakuwa nao. Mvua ilipomkuta njiani alitembea vilevile, polepole, na akifika ofisini anachuruzika maji aliketi akaanza kukisia ni milimita ngapi kabla ya kwenda kusoma chombo. Alipokisia vizuri alifurahi siku nzima. Alipokosea hakutaka kusemeshwa mpaka jioni.

Mtu wa vipimo, utadhani alikuwa na mpangilio katika kila kitu. Wapi. Chai yake ilikuwa leo maji ya sukari, kesho chungu, kwa sababu alikuwa akisahau kama ameshatia sukari au bado. Mishahara ilipotolewa alikuwa wa mwisho kufika dirishani. Na jambo lililotushangaza kuliko yote ni kwamba mtu huyu aliyepanga safari za shamba zima hakuwa na uwezo wa kukaa ndani ya gari. Lori likitembea hatua chache tu alikuwa ameshatapika. Alikwenda kwa baiskeli kila mahali, na mahali ambapo baiskeli haikufika hakwenda.

Safari za watu zilimwangukia kwa sababu ya fundi mmoja wa karakana, mtu wa Kigoma. Fundi huyo alipewa likizo baada ya miaka mitatu, akaenda mpaka Manyoni kupanda treni, na pale dirishani akakata tiketi ya kufika Itigi tu. Itigi akakata ya Tabora. Tabora akakata ya Kigoma. Aliamini kwamba tiketi ndogo ndogo zinauma kidogo kidogo. Aliporudi alikuwa amekonda, na kitenge alichomwahidi mama yake hakukinunua. Alisimulia haya ofisini, watu wakacheka, ila Karani hakucheka. Alimwita dereva wa lori la vipuri, akampa karatasi na penseli ile nyeusi, akamwomba anakili nauli zote zilizobandikwa kwenye ukuta wa stesheni. Dereva alirudi nazo baada ya siku nyingi, karatasi ikinuka dizeli. Karani akazinakili kwenye daftari, halafu akajifungia Jumapili nzima.

Alichotoka nacho ni ubao uliokuwa mfuniko wa sanduku la vipuri. Chini alikuwa amepigilia misumari, kila msumari stesheni moja, Manyoni katikati. Upande wa kushoto ulikwenda Tabora na kugawanyika kwenda Mwanza na Kigoma. Upande wa kulia ulikwenda Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Misumari iliachana kwa kadiri ya umbali. Juu ya kila msumari alisimamisha bua la ngano, na urefu wa bua ndio ulikuwa nauli ya daraja la tatu. Pembeni yake, limefungwa uzi mwekundu, bua la daraja la pili. La kwanza hakuliweka. Alisema hakuna mtu wa shamba hili anayelala kwenye shuka za treni, na bua lenyewe lingetoboa dari.

Ukisimama mbali kidogo uliona jambo ambalo orodha ya bei isingekuonyesha hata uisome mara kumi. Kuanzia Manyoni vichwa vya mabua vilipanda kwa kasi, kama mtu anayeanza kupanda Hanang na nguvu zake za asubuhi. Kadiri stesheni zilivyokwenda mbali vilipanda taratibu, kama mtu yuleyule baada ya kuchoka.

"Unaona?" alimwambia yule fundi. "Reli inamhurumia anayekwenda mbali. Wewe kila ulipokata tiketi mpya ulirudi kuanzia hapa chini penye mwinuko mkali. Umepanda mlima mara tatu, na mlima ulikuwa mmoja."

Fundi alitazama ubao muda mrefu, akasema, "Kumbe nilikuwa mjinga."

"Hukuwa mjinga. Hukuwa umeuona."

Namba hakuandika hata moja. Alisema namba zinawaogopesha watu na kuwagombanisha. Alikuwa na rula aliyoitia alama mwenyewe, upana wa kidole kimoja ukiwa noti moja, na ukitaka kusafiri alisimamisha rula kwenye bua lako akakwambia tafuta vidole kadhaa na nusu. Jumapili baada ya ibada watu walijazana ofisini kwake. Walikuja hata wasiokuwa na safari. Walisimama mbele ya ubao wakitazama kwao, kila mtu msumari wake, na nadhani hiyo tu ilitosha kupunguza hamu. Nakumbuka mke wa mlinzi, mtu wa Mwanza, alilinganisha bua zima na bua nusu la nauli ya mtoto, akamgeukia mumewe.

"Kumbe tungeenda mwaka jana huyu mkubwa angehesabiwa nusu."

"Mwaka jana ulisema tusubiri mvua," akajibu mume.

"Mvua anayo Karani, wewe ulikuwa na likizo."

Baadaye aliongeza ubao wa pili, wa siku. Huu ulikuwa wa nyuzi. Siku za wiki zilipangwa juu, majina ya mahali yakapangwa pembeni, na uzi ulitoka shambani ukishuka kufuata lori la Katesh, basi la Singida, basi la Manyoni, mpaka treni. Uzi ulipoinama ulikuwa unasafiri. Uliponyooka bila kushuka ulikuwa unangoja. Kwa ubao huo tuligundua kwamba anayeondoka shambani Jumanne anangoja Manyoni siku mbili, na anayeondoka Alhamisi anafika jioni na kupanda. Watu walikuwa wameondoka Jumanne miaka yote kwa sababu tu Jumanne lori lilikuwa na nafasi.

Siku moja aliingia mzee mfugaji wa Kibarbaig na fimbo yake, shuka begani. Karani alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto yangu iko jeshini, Tabora. Ng'ombe moja inafika wapi?"

Wengine tungecheka. Karani aliuliza dume au jike, mkubwa au ndama, na bei yake kwenye mnada wa Katesh mwezi ule, akachukua bua jipya, akalikata, akalisimamisha pembeni ya ubao. Ndama wa mzee alivuka Tabora. Dume wake angefika Kigoma na kurudi. Mzee alifurahi, akagusa mabua yote kwa kidole. Halafu akatazama ramani ya mvua ya shamba, aliyoichora Karani, iliyokuwa ukutani, vipande vya shamba vimegawanywa vizuri, kila kipande na rangi yake.

"Hapa," akasema, "ilikuwa njia ya ng'ombe yetu kwenda maji. Hii umechora?"

Karani alisogea akaitazama ramani. Mzee aliaga akaenda zake. Wiki iliyofuata nikaona mstari mwekundu kwenye ramani, umekata vipande vitatu vya ngano mpaka ziwani. Meneja alipouliza ni mstari wa nini, Karani alisema ni mahali maji yanapopita. Mtu yule aliyeweza kumkaripia dereva kwa kukosea milimita moja alimdanganya bosi wake bila kupepesa macho, na mstari ukabaki.

Sasa niseme habari yangu, maana bila hiyo picha yake haikamiliki.

Baba yangu alikuwa dereva wa kombaini pale pale. Nyumbani kwetu ni kijiji cha Daudi, juu huko Mbulu, lakini mimi nilikuwa nikikaa naye shambani nilipomaliza kidato cha nne. Mwaka uliofuata nikapata nafasi chuo cha uuguzi cha misheni, mkoa wa Tabora. Nilikuwa nimeutaka uuguzi tangu mdogo. Barua ilisema nifike Jumatatu, na asiyefika nafasi yake itakwenda kwa anayengoja. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda kwa Karani kupimiwa nauli. Mimi sikwenda naye, nilikuwa nafua. Kesho yake akapeleka dume letu mnada wa Katesh. Jioni akarudi anaimba, pombe inamnuka, na fedha zimefungwa kwenye leso.

"Vidole vyote viko hapa," aliniambia. "Usifungue njiani. Wezi wanapenda anayehesabu."

Sikufungua. Nilifungua Manyoni, mbele ya dirisha la tiketi, na fedha hazikutosha.

Upungufu ulikuwa mdogo, bei ya soda chache. Mkata tiketi alihesabu tena kwa upole, akanisukumia. Ningeweza kukata ya kufika stesheni ya kabla, lakini msichana peke yake ashuke porini aende wapi? Nilikuwa na viazi na mkate wa mama, na sikuwa na senti nyingine. Treni ikaja, ikaondoka. Nikauza blanketi langu jipya kwa mama muuza uji, nikapanda treni iliyofuata, nikafika chuoni Jumatano. Sista aliyenipokea alisikitika kweli. Msichana mwingine alikuwa ameshalala kwenye kitanda changu usiku mmoja. Wakanilisha, wakanipa nauli ya kurudi.

Sikuwa na shaka fedha zilikwenda wapi. Nilimwambia baba usoni, "Ulizinywa." Wiki ya kwanza alikataa. Aliapa, alikasirika, alimleta rafiki yake aliyekwenda naye mnadani ashuhudie, na rafiki mwenyewe alikuwa mlevi. Baada ya hapo akaacha kukataa. Nilipomsema alitazama chini tu. Nami nikahesabu kwamba amekiri.

Karani alikuja nyumbani siku hizo na baiskeli yake, akasema kuna nafasi ya karani msaidizi ofisini kwake, na ameniombea kwa meneja. Nilikubali kwa sababu sikuwa na lingine. Ndivyo nilivyojifunza kusoma kipimamvua, kuandika sifuri bila kuona haya, na kuchora. Alinifundisha kwa uvumilivu ambao hakumwonyesha mtu mwingine. Nilipochora mstari ukapendeza mno alikuwa akiutilia shaka.

"Usichore unachotaka kionekane," alisema. "Chora kilichotokea, halafu kaa nacho."

Nilikuta amebadilisha ubao. Mabua yote yalikuwa yametolewa, mahali pake amesimamisha vipande vya waya. Nilimwambia yale ya zamani yalikuwa mazuri zaidi, ngano ikionyesha njia ya kwenda nyumbani kwa watu wa ngano. Akasema mabua yanakusanya vumbi. Na kitu kingine kilikuwa kimebadilika: kila aliyekuja kupimiwa, Karani alimpimia kwenye waya, halafu akafungua daftari akalinganisha, halafu akamtuma tena akamwulize dereva aliyepita Manyoni karibuni. Watu walianza kusema amezeeka. Mimi nilimwona amekuwa mwoga, na nilimtania kwa hilo, naye alikubali kutaniwa.

Miaka ile pale ofisini ilikuwa mizuri. Nikikumbuka leo nasikia harufu ya ngano iliyoiva baada ya manyunyu, na kombaini zikiwa zimesimama mstari mmoja kungoja ikauke, madereva wamelala chini ya matairi, na Karani anatoka nje, anaangalia wingu juu ya Hanang, anasema, "Saa nane mtavuna." Saa nane walivuna. Alinisukuma nikafanye mtihani wa ualimu. Alinipangia mwenyewe uzi wa safari. Leo nafundisha hesabu sekondari, Babati, na wanafunzi wangu wanajua grafu kuliko wanavyojua nyimbo za redio. Sijutii. Ila mpaka leo nikipita mlangoni pa zahanati huwa naangalia ndani.

Shamba lilikufa taratibu kama yalivyokufa mengi ya serikali. Kombaini zilisimama moja baada ya nyingine, watu wakarudi kwenye misumari yao, baba akarudi Daudi. Tulimzika huko. Karani hakuja kumzika, na hilo liliniuma. Nilijiambia pengine baiskeli haiwezi milima ya Mbulu.

Nilimwona mara ya mwisho wakati wa likizo ya shule. Niliambiwa anaishi Katesh, nyuma ya soko, kwa binti wa dada yake. Nilichukua sukari na majani ya chai nikaenda. Nilimkuta ameketi uani, macho yameingia ukungu, na mbele yake kopo la maziwa limekatwa juu na kuzikwa nusu ardhini.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba." Alinitambua kwa sauti. "Mwalimu. Niangalizie hilo kopo, mimi sioni mstari."

Nikainama. "Sifuri."

"Sawa," akasema, akaridhika.

Tulikunywa chai. Tuliwakumbuka watu, yule fundi wa Kigoma, mke wa mlinzi, mzee wa dume lililokwenda Kigoma na kurudi. Alicheka mpaka akakohoa. Binti wa dada yake alipoingia ndani kuchukua kikombe kingine, aliweka chake chini.

"Baba yako sikuja kumzika."

"Niliona."

"Nilikuwa naogopa kukutana na wewe pale." Alipapasa kikombe chake pale chini. "Lile bua la Tabora lilikuwa limeliwa na panya."

Sikuelewa mara moja, naye akaona kwamba sijaelewa, akaeleza taratibu kama alivyonifundisha kila kitu. Baba alikuja kupimiwa. Karani akasimamisha rula, akasoma vidole. Baba akamwuliza kama asingeangalia kwenye daftari pia, safari ya mtoto hiyo. Karani akamjibu kwamba ubao ndio daftari. Niliporudi toka Tabora, habari ikaenea kwamba dereva amekunywa nauli ya binti yake, Karani akafungua daftari kwa mara ya kwanza tangu atengeneze ubao. Akapima. Bua lilikuwa limegugunwa juu, limepungua nusu ya kidole.

"Unakumbuka panya wa mwaka ule," alisema. "Walikula mpaka sabuni. Nami nilikuwa nimewapangia ngano ukutani."

"Kwa hiyo baba alinipa zote."

"Alikupa zote. Pombe aliyokunywa siku ile alinunuliwa na mwenye kununua dume."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu haikuwa ya mtu anayemwamkia mkubwa wake.

"Nilimwendea baba yako siku ile ile niliyopima. Nilimwambia nakuja kwako, nitasema mbele ya watu. Akanikatalia. Akasema, 'Huyu ni mtoto wangu, hasira yake kwangu itaisha. Wewe akikukasirikia hatakanyaga tena ofisini kwako, na chuo ameshakikosa. Mtafutie kazi. Mfundishe hiyo michoro yako. Hii ya pombe niachie mimi.'" Karani alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nikamwachia. Nilikuwa na haya, na yeye alinipa njia. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwambia."

Binti alirudi na kikombe, akatutazama, akakiweka chini, akarudi ndani.

"Miaka yote nimetaka kukuuliza jambo moja tu," Karani akasema. "Ile hasira. Ilikwisha?"

Baba alipougua, mimi ndiye niliyelipa safari ya hospitali. Alikuwa ameketi kitandani, koti limefungwa vifungo, anangoja. Nilimpita nikampa mdogo wangu fedha, nikamwambia mbele yake, azishike yeye mpaka wafike. Baba alinyoosha mkono aushike ukingo wa kitanda, ainuke.

"Haikwisha, Karani," nilimwambia.